Ua la Karatasi Namba Arobaini na Moja

Da Suilan hakuiamini gundi. Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1992, nikiwa na miaka ishirini na mbili na cheti kilichonifanya nijione msomi, nilipaka gundi mgongoni mwa tawi kavu, nikalibandika kwenye karatasi yake, nikakaa kujipongeza. Alikuja akasimama nyuma yangu.

"Yufen, mwanangu, majani hayo yana upande wa chini?"

"Yanao, dada."

"Uko wapi?"

Upande wa chini ulikuwa umezama kwenye gundi na usingeonekana tena mpaka kiama. Hakunigombeza. Alinipa sindano na uzi mweupe, akavuta kiti chake karibu na changu, na tukakaa hivyo bega kwa bega kwa miaka kumi na saba.

Kazi yetu, kwenye ofisi ya mimea ya wilaya, ilikuwa kushona mimea. Wakusanyaji walikwenda milimani, wakarudi na matawi yaliyobanwa katikati ya magazeti. Sisi tuliyakausha juu ya jiko la mkaa, tukayashona kwenye karatasi ngumu, tukaweka lebo na namba, na pembeni tukabandika bahasha ndogo ya kutunzia chochote kilichodondoka, iwe ua, mbegu au ganda. Kisha karatasi iliingia kabatini kumsubiri mtu mwenye lenzi na hoja. Da Suilan alipitisha uzi pale tu ambapo hautaziba mshipa wa jani. Fundo alilifunga nyuma, na katika kila tawi aligeuza jani moja chali ili mtu aone vinyweleo vya chini. Ukiona karatasi imeshonwa hivyo, huna haja ya kuuliza ni kazi ya nani.

Wilaya yetu iko kusini-magharibi mwa Guangxi, China, mlima juu ya mlima, yote ya mawe ya chokaa, na ukifika juu ya ile mirefu unaiona Vietnam ikianika nguo zake. Katika milima hiyo huota mikamelia ya porini, ndugu wa mchai, na baadhi yake hutoa maua ya manjano ambayo watu wa mbali hulipa nauli ya ndege kuja kuyatazama. Sisi tunayakausha na kuyanywa.

Mkamelia wa manjano ni mti wa kugombanisha watu. Mlima huu una wake, mlima wa pili una wake, na tofauti zenyewe ni za kutafuta kwa jicho moja limefumbwa. Huu una vinyweleo chini ya jani, ule hauna. Huu kitumbo cha ua lake, pale mbegu zinapoanzia, ni laini. Ule kina manyoya. Halafu ukilikausha ua, umanjano wote unakwenda zake, linabaki la kahawia kama majani ya chai iliyokwisha kunywewa. Weka maua ya spishi tano kwenye sahani moja, bila lenzi hutajua lipi ni lipi. Nimewaona wanaume wazima wenye shahada wakinuniana miaka mitatu kwa sababu ya vinyweleo.

Da Suilan, jina kamili Nong Suilan, alikuwa Mzhuang, kabila la milima hiyo, wa kijiji cha Banlai, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka barabarani. Mumewe alikufa kwenye machimbo ya mawe mwaka 1984, akamwachia binti wa miaka minne, na ofisi yetu ikampa kazi ya kufagia. Aliyemtoa kwenye ufagio akampa sindano alikuwa Mwalimu Pang.

Pang Shaotang alikuwa ndiye mtaalamu wetu wa mikamelia. Mtu mrefu, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na kila asubuhi kwa miaka thelathini alikula bakuli moja la tambi za mchele kwenye kibanda kilekile, pilipili hadi macho yanatoa machozi. Hakuoa. Watu walipomtania kwamba amemuoa mkamelia, alijibu kwamba walau mkamelia haumuulizi amechelewa wapi. Basi siku moja alimkuta mfagiaji mpya ameinama juu ya takataka zake, ameokota jani. Mwalimu akamuuliza kwa mzaha, "La nani hilo?" Suilan akaenda moja kwa moja kwenye meza yenye matawi kumi na manane yaliyofanana, akaliweka jani kwenye tawi lake, na kidonda cha kikonyo kikaingiana na kidonda cha tawi. Kesho yake ufagio ukapewa mtu mwingine.

Hayo nilihadithiwa. Mwaka 1989 pia sikuwepo, lakini habari zake nilizikuta zinasimuliwa mpaka kwenye foleni ya maji ya moto. Mwaka huo Mwalimu Pang alichapisha spishi mpya. Ilitokana na tawi la karatasi namba 41, lililokusanywa Januari 1987 kwenye Mlima wa Ngazi Tisa. Majani yake yalikuwa membamba na laini kabisa, lakini ua lililokuwa kwenye bahasha yake lilikuwa kubwa, zito, na kitumbo chake kimejaa manyoya. Hakuna aliyewahi kuona majani ya namna ile na ua la namna ile kwenye mti mmoja. Akauita, kwa Kilatini cha wataalamu, Camellia suilanae, yaani mkamelia wa Suilan.

Alipoambiwa, Da Suilan alikuwa na uzi mdomoni. Akautoa, akasema, "Mwalimu, mti mzima? Si ungenipa hata jani tu."

Lakini alifurahi, na mimi namjua, alifurahi kupita kiasi. Mama yake kule Banlai alikikata kipande cha jarida chenye jina lile akakibandika ukutani karibu na madhabahu ya mababu. Kila sikukuu ya mwezi wa tatu tarehe tatu, watu waliporudi kufagia makaburi na kupika ule wali wa rangi tano, bibi kizee aliwakusanya wajukuu akawasomea kile kipande kwa sauti, ingawa hakujua kusoma. Alikufa mwaka 2001, na kipande kilibaki ukutani.

Sasa shida ilikuwa moja. Spishi iliyosimama juu ya karatasi moja ni kesi yenye shahidi mmoja. Wataalamu wa mijini walikunja pua. Ilibidi mti wenyewe uonekane tena, umesimama, na majani yake na ua lake, watu washuhudie. Kwa hiyo kila Januari, maua yanapofunguka, Mwalimu Pang alipanda Mlima wa Ngazi Tisa kuutafuta, na kila Januari Da Suilan alikwenda naye, mgongoni kabeba mbao za kubania mimea na wali wa kunata uliofungwa majanini. Januari ishirini. Walikuta vichaka vyenye majani membamba, na maua yake yakawa yale madogo mepesi ya kila siku. Walikuta miti yenye ua kubwa la manyoya, na majani yake mapana mazito kama kawaida. Vyote viwili kwenye mti mmoja, hawakukuta hata siku moja. Mimi nilikwenda nao mara mbili, nikarudi na magoti yaliyochubuka na kiapo cha kutokwenda ya tatu.

"Mwakani," Mwalimu alisema kila wakishuka.

"Mwakani, Mwalimu," Da Suilan alijibu.

Ndipo mwaka 2009, mwezi wa kumi, ikaletwa mashine ya kupigia picha karatasi. Amri ilikuwa kila karatasi ipigwe, kila bahasha ifunguliwe, kila kilichomo kiandikwe. Da Suilan alikuwa ametoka kustaafu mwaka uleule, lakini walimwita arudi kwa sababu vijana wote walijua kompyuta na hakuna aliyejua kufunga fundo. Tukakaa tena bega kwa bega, yeye anafungua bahasha, mimi naandika.

Alifika namba 42. Ilikuwa karatasi ya siku ileile na mlima uleule na ile 41 yenye jina lake, imekaa chini yake kabatini miaka yote hiyo. Majani mapana, mazito. Lebo ilisema: ua moja, kubwa. Akafungua bahasha. Akaichungulia, akaigeuza, akaipigapiga juu ya kiganja. Haikutoka hata vumbi.

"Limeliwa na wadudu," nikasema.

"Wadudu hubakiza mavi." Rangi ilimtoka usoni nikaiona ikitoka. "Yufen, nishikie kiti."

Nilimshikia kiti akakaa, na akanieleza. Siku ile ya Januari 1987 ilikuwa ya baridi kali, upepo wa kaskazini. Alikuwa na karatasi mbili mezani, 41 na 42, ameshamaliza kushona matawi, bahasha ziko wazi. Upepo ukausukuma mlango, magazeti yakaruka chumba kizima. Alipomaliza kuyakusanya aliona ua moja sakafuni. Aliliokota, akaliweka, akafunga bahasha, akaendelea na kazi.

"Uliliweka wapi?"

"Kwenye bahasha iliyokuwa karibu."

Hapa lazima nieleze kidogo, maana mtu asiye wa kwetu atamwona mzembe, naye hakuwa mzembe hata kidogo. Ua la mkamelia halipukutiki petali moja moja. Huanguka zima, pu, likiwa bado bichi. Kule Banlai, wanawake na watoto wanapokwenda kuokota maua ya chai, ua lililokwisha anguka halina mwenyewe. Hulikanyagi, huliruki, na huulizi kikapu ni cha nani. Unaliokota unalitia kwenye kikapu kilicho karibu nawe, hata kiwe cha adui yako. Mtoto akifanya vingine anachapwa. Da Suilan aliokota maua hivyo tangu alipoweza kusimama. Mikono yake iliokota ua la sakafuni na kulitia kwenye kikapu cha karibu, na kichwa hakikushirikishwa. Bahasha ya 41 ilikuwa tupu, na ndiyo iliyokuwa karibu.

"Kwa hiyo majani ni ya mti huu," nikasema taratibu, "na ua ni la mti ule."

"Mti wangu hakuna, Yufen. Haujawahi kuwepo. Miaka ishirini namtembeza yule mzee milimani kutafuta mti nilioutengeneza mwenyewe kwa mkono wangu."

Nitasema ukweli, ingawa haunipendezi. Mimi nilimwambia anyamaze. Nilimwambia nani atajua, karatasi zinarudi kabatini, Mwalimu ana miaka sabini na mitano, mwache afe na mti wake. Nikamwambia na wewe je, mama yako je, wajukuu wa Banlai wanaojivunia jina lako je. Niliongea sana. Nilikuwa nampenda, na mtu akiwa anampenda mwenzake anaweza kumshauri upuuzi kwa moyo mweupe.

Da Suilan alifunga bahasha ya 42 ikiwa tupu vilevile, akaandika kwenye daftari la mashine: hakuna kitu. Wiki nzima hakula chakula cha mchana. Wiki zikawa miezi miwili. Kila Mwalimu alipopita mlangoni kusalimia, alijibu salamu akiwa ameinama, yeye ambaye zamani alikuwa wa kwanza kumtania kuhusu miwani yake.

Angeweza kunyamaza hivyo mpaka mwisho, nadhani, kama si yule mzee mwenyewe. Januari iliyotangulia aliteleza kwenye mawe yaliyolowa akavunjika mkono, na Da Suilan alimshusha mlima mzima akimshikilia mkanda wa suruali. Sasa Desemba ilikuwa inakwisha. Akaja ofisini na fimbo mpya ya mianzi, amechangamka kama bwana harusi.

"Nimeshajua tulikosea wapi," alisema. "Hatujatazama upande wa magharibi."

"Upande wa magharibi ni genge la mwamba, Mwalimu," nikasema mimi.

"Ndiyo maana hatujatazama. Mbuzi hawafiki, wakata kuni hawafiki. Kama upo, upo huko." Akamgeukia Da Suilan. "Safari hii wewe pumzika, Bi Suilan. Magoti yako nayasikia yakinung'unika. Nitakwenda mwenyewe."

"Peke yako?"

"Na fimbo yangu."

Alipotoka, Da Suilan alibaki ameshika sindano bila kuitumia. "Atakufa," alisema. "Atakufa kwenye lile genge, Yufen, akitafuta kosa langu."

"Basi mwambie mkono wake haujapona, mwambie daktari kakataza, mwambie..."

"We mtoto, hebu nyamaza." Hakuwahi kuniambia hivyo. "Mficha uchi hazai. Niitie Mwalimu."

Nilimwita. Nilitaka kutoka, Da Suilan akanikazia macho nikae. Alimvutia Mwalimu kiti, akaziweka karatasi mbili mezani, 41 na 42, sambamba, kama zilivyokuwa siku ile. Akaitoa ile bahasha ya 41, akalitoa ua, akaliweka juu ya kipande cha karatasi nyeupe katikati. Kisha akamweleza yote, upepo, mlango, sakafu, kikapu cha karibu. Hakujitetea kwa neno hata moja. Sauti yake ilikuwa kavu, na mikono aliikalia.

Mwalimu Pang alichukua lenzi. Alitazama ua, akatazama majani ya 42, akarudi kwenye ua. Alitazama muda mrefu mno. Nilisikia maji yakichemka kwenye birika la chumba cha jirani mpaka mtu akaja kulizima.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza.

"Saa tano na nusu," nikasema.

Akavaa kofia yake akaondoka. Hata kuaga hakuaga.

Siku tisa hakuonekana. Ofisini hakuja. Mwenye kibanda cha tambi alitupigia simu kuuliza kama Mwalimu ni mgonjwa, maana bakuli lake limepoa mara nne na sasa ameacha kulipika. Nilikwenda kwake nikabisha, nikasikia ndani mtu anakohoa na karatasi zinafunuliwa, lakini hakufungua. Nilimkasirikia. Nilisema moyoni, mwanamke kakuwekea moyo wake mezani, na wewe unajifungia ndani kama mtoto aliyenyimwa embe.

Da Suilan alikuja kazini kila siku. Alishona. Alijichoma vidole, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya, akawa anafyonza damu isichafue karatasi. Siku ya sita aliomba ruhusa, akarudi jioni viatu vimejaa udongo mwekundu.

"Ulikwenda Banlai?"

"Nimekwenda kumwambia mama."

"Akasemaje?"

"Amekufa, Yufen, atasemaje? Lakini nimemwambia." Akavua viatu. "Kaka yangu akaniuliza kama kile kipande akibandue ukutani. Nikamwambia asubiri jarida liseme, kisha abandue."

Usiku ule nililia kwangu, mume wangu akadhani nimefukuzwa kazi.

Siku ya kumi Mwalimu akaja. Alikuwa amenyoa ndevu na kujikata mahali pawili. Hakukaa. Alimpa Da Suilan ukurasa mmoja uliopigwa chapa, akamwambia asome kabla haujatumwa kwenye jarida. Mimi nilikuwa meza ya pili nikijifanya nashona tawi jingine, na tawi lile mpaka leo limeshonwa vibaya.

Da Suilan alisoma akifuatisha kwa kidole. Ukurasa ulisema kwamba spishi ile haipo. Majani ya namba 41 ni ya spishi ya zamani inayojulikana, ua ni la namba 42, na kuanzia sasa jina la suilanae lihesabiwe chini ya lile jina la zamani.

"Halifutwi?" aliuliza.

"Jina likishachapishwa halifutwi. Linashuka mstari mmoja tu. Litaandikwa chini ya lile jingine, kila kitabu, siku zote."

"Kama mpangaji wa chumba cha uani."

"Kama mpangaji," Mwalimu alikubali.

Da Suilan alitabasamu kidogo, nami nikapumua. Halafu kidole chake kikasimama kwenye mstari wa mwisho. "Hapa umekosea, Mwalimu. Umeandika, mchanganyiko huu ni kosa la mwandishi. Si la mwandishi. La mshonaji."

"Bi Suilan, mimi ndiye mtaalamu."

"Na mimi ndiye niliyeliokota. Usinibebee mzigo wangu, sijakuomba. Andika kweli."

"Nimeandika kweli."

"Hujaandika!" Hapo alipandisha sauti, na kijana wa mashine ya picha akachungulia mlangoni, nikamfukuza kwa macho. "Mtu mzima unaongopa kwenye jarida, kwa ajili ya nini? Nionekane sina hatia? Miaka ishirini nimekuchosha milimani, umevunjika mkono, na bado unataka kunisitiri?"

Mwalimu Pang aliingiza mkono ndani ya koti akatoa daftari la safari, lile dogo la jalada la kijani ambalo wakusanyaji wote huandikia mlimani. La mwaka 1987. Kurasa zake zilikuwa zimevimba kwa mvua ya zamani. Akalifungua mahali alipokuwa ameweka kijiti, akamwekea mbele.

"Soma namba arobaini na moja."

Da Suilan akasoma. "Majani membamba. Laini juu na chini. Kichaka cha kufika kiunoni." Akainua macho.

"Malizia."

"Bila ua."

"Mwandiko wa nani?"

"Wako."

"Wangu. Nimeandika nikiwa nimesimama mbele ya mti wenyewe, bila ua." Sasa ndipo akakaa, taratibu, kwa kushika meza. "Mwaka 1988, nilipokuwa naandaa ile makala, nililifungua daftari hili kama kila mtu anavyofungua daftari lake. Nikasoma, bila ua. Na mezani kwangu kuna ua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekuja mbio kukuuliza, Bi Suilan, hili ua limetoka wapi? Mimi nikajiambia mvua ilinichanganya siku ile, nikalifunga daftari. Siku tisa hizi nimelitafuta nyumba nzima, nilikuwa nimelificha hata mimi mwenyewe nisilione. Wewe uliliweka pasipo pake kwa bahati mbaya. Mimi nililiona pasipo pake nikaliacha."

"Kwa nini?"

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, na bila miwani uso wake ulikuwa wa mtu mwingine kabisa, mdogo zaidi, mwenye aibu.

"Kwa sababu jina nilikuwa nalo kabla sijapata mti," alisema. "Miaka miwili nilikuwa natembea nalo. Kila tawi lililokuja nililitazama nikajiuliza kama linafaa kuitwa hilo, na kila tawi lilikuwa na jina lake tayari. Halafu likaja moja ambalo halikuwa na jina. Nikataka liwe kweli. Nimepanda mlima ule mara ishirini, Bi Suilan, na sijui kama hata nilikuwa nautafuta mti. Nilikuwa najua tu kwamba Januari utakuja."

Sindano yangu ilikuwa hewani na sikuthubutu kuishusha. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Waliosema hivyo hawakumjua Mwalimu Pang. Mimi nilikaa na watu hawa wawili chumba kimoja miaka kumi na saba, nikawapikia chai, nikawashonea vifungo, na sikuona kitu. Niliona uchungu kwa ajili yao, uchungu wa kweli, nikihesabu Januari zote zile.

Da Suilan alikuwa anamtazama. Alikuwa na miaka hamsini na minane, nywele zimeingia mvi upande mmoja zaidi kuliko mwingine, vidole vimejaa alama za sindano. Alilifunga lile daftari polepole.

"Genge huendi tena," alisema.

"Kuna nini huko tena cha kutafuta? Siendi."

"Vizuri." Akalisukuma daftari pembeni. "Shaotang, ungeniambia tu."

"Nilikwambia," alisema mzee. "Ila kwa Kilatini."

Da Suilan aliangua kicheko, kile cha kijijini cha mdomo wazi, akacheka mpaka machozi yakamtiririka na hakuyafuta.

"Sasa mimi Kilatini ningejulia wapi, mwanamume wewe?"